Aina Zisipolingana: Lugha Ibadilishe Yenyewe au Ikatae?

Kilo 40 jumlisha kilo 5 ni 405. Hilo ndilo jibu nililopewa na kompyuta yangu jioni moja hapa Kisumu, nikijaribu fomu ya kupokelea omena, dagaa wa ziwa, tuliyoiandika kwa lugha ya programu ya JavaScript kwa ajili ya kikundi kimoja cha wauzaji upande wa Dunga. Karani alikuwa ameandika 40 kwenye kisanduku cha uzito, kisha programu ikaongeza 5 za ndoo iliyoletwa baadaye. Sasa, chochote kinachosomwa kutoka kisanduku cha fomu huja kama maandishi, hata kikiwa ni tarakimu tupu. Maandishi "40" yalipokutana na alama ya kujumlisha, JavaScript iliigeuza 5 nayo ikawa maandishi, ikaviunganisha: "405". Mstari uliofuata ulizidisha kwa bei ya mfano tuliyokuwa tumeweka, shilingi 120 kwa kilo. Maandishi hayazidishwi, basi lugha ikayarudisha kuwa nambari na kutoa 48,600. Jibu lilipaswa kuwa 5,400.

Mama karani alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwanangu, hiyo hesabu si ya omena," akasema, kabla sijaiona mwenyewe.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna kitu kilichoharibika. Aina ya thamani, yaani kama ni maandishi au nambari, ilibadilishwa mara mbili, kila mara kwa sheria halali ya lugha, na badiliko la pili likalifunika la kwanza. Kama kuzidisha kungekataa maandishi, kosa lingejitokeza palepale.

Mimi na mwenzangu sasa tunabuni lugha ndogo ya kuandikia kanuni za malipo: makato ya usafiri, gharama ya barafu, akiba ya kikundi. Itatumiwa na makarani wenyewe. Swali lililotusimamisha muda mrefu kuliko lolote ni hili: fankshoni, yaani kipande cha programu chenye jina, ikitangaza kwamba parameta yake, yaani nafasi ya kupokelea thamani, ni ya aina fulani, halafu mtu akaipa thamani ya aina nyingine, lugha ifanye nini? Tumepitia njia ambazo lugha kubwa zimefuata, tukaziweka pamoja. Ninaziandika hapa kwa yeyote anayebuni lugha yake, au anayechagua lugha ya mradi wenye pesa za watu ndani yake.

Majaribio matatu kwa lugha zilezile

Tulianza kwa kuuliza kila lugha maswali matatu. Ukiipa fankshoni maandishi "40" mahali pa nambari kamili, itakuwaje? Ukiipa 99.75 mahali pa nambari kamili? Na ukiipa 7 mahali pa desimali?

| Lugha | "40" kwa nambari kamili | 99.75 kwa nambari kamili | 7 kwa desimali |
|---|---|---|---|
| PHP, hali ya kawaida | hupokea 40 | hupokea 99. Tangu toleo la 8.1 hutoa onyo | hukubali |
| PHP, hali kali | hukataa | hukataa | hukubali |
| C | kompaila, programu inayotafsiri msimbo, hulalamika | hupokea 99, kimya | hukubali |
| Java | hukataa | hukataa | hukubali |
| Go | hukataa | hukataa | hukubali 7 iliyoandikwa papo hapo. Hukataa kigeu cha nambari kamili |
| Kotlin | hukataa | hukataa | hukataa |

JavaScript haimo kwenye jedwali kwa sababu parameta zake hazina aina. Thamani huingia ilivyo, na kubadilishwa hufanyika baadaye, pale inapotumika. Python nayo haizuii kitu mlangoni, ila ndani ina msimamo: "40" jumlisha 5 ni kosa na programu husimama. Lakini usilale. "40" mara 3 kwa Python ni "404040", maandishi yaliyorudiwa mara tatu. Fomu yetu ingeandikwa kwa Python, kujumlisha kungetuokoa na kuzidisha kungetuponza.

Kubadilisha kila kitu, kimya

Njia hii ina sababu zake, na si haki kuidharau. JavaScript ilizaliwa mwaka 1995, Brendan Eich akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha wavuti, na toleo la kwanza alilitengeneza kwa siku 10. Ilikusudiwa hata watu wasio na mafunzo ya programu waweze kuongeza uhai kidogo kwenye kurasa zao. Kwa kurasa kama hizo, kuendelea na kazi ilionekana bora kuliko kusimama. Pia data nyingi za wavuti huja kama maandishi, kwa hiyo lugha inayogeuza yenyewe humpunguzia mwandishi mistari.

Tatizo ni kwamba lugha hubahatisha, na haikwambii kwamba imebahatisha. Katika JavaScript maandishi matupu yakigeuzwa kuwa nambari huwa 0. Chukua kisanduku ambacho karani hakukijaza kwa sababu mizani ilikuwa bado na mtu mwingine. Kisanduku hicho kinasema "sijui uzito". Sifuri inasema "nimepima, hakuna kitu". Kwa mvuvi anayesubiri malipo, tofauti ya kauli hizo mbili ndiyo chakula cha jioni.

Halafu kuna nambari za simu. Hapa kwetu zinaanza na 07 au 01. PHP katika hali yake ya kawaida, ukitangaza parameta ya simu kuwa nambari kamili, itapokea maandishi yenye tarakimu kumi na kuyageuza bila kusema neno, na ile sifuri ya mbele itapotea. Nambari ya simu ina tarakimu, lakini haijumlishwi wala haizidishwi, kwa hiyo si nambari kwa maana ya hesabu. Kosa la kwanza hapo ni la aliyechagua aina. Lugha ingekataa, angelazimika kujiuliza.

Ushahidi ulionishawishi zaidi umetoka kwa JavaScript yenyewe. Lugha hiyo ina fankshoni ya zamani ya kupima kama thamani "si nambari", `isNaN`, ambayo hubadilisha parameta yake kuwa nambari kabla ya kuipima. Mwaka 2015 ikaongezwa nyingine, `Number.isNaN`, ambayo haibadilishi chochote. Mwaka 2020 ikaja aina ya nambari kamili kubwa, BigInt, na ukijaribu kuijumlisha na nambari ya kawaida, lugha inakataa. Haiwezi kuondoa tabia ya zamani kwa sababu kurasa nyingi mno zinaitegemea, lakini katika nafasi hizo mbili mpya imechagua kutobadilisha kimya. Anayebuni lugha leo hana mzigo huo wa zamani, na sioni kwa nini ajitwike.

Kupanua ruhusa, kupunguza marufuku

Java inachukua njia ya katikati. Nambari kamili ya biti 32 (biti ni 0 au 1 moja ndani ya kompyuta) ikipelekwa mahali pa biti 64, inapita, maana chombo kikubwa kinameza kidogo. Kinyume chake kompaila inakataa mpaka uandike mwenyewe kwamba unataka kupunguza. C inaruhusu pande zote mbili. Fankshoni inayotaka shilingi kamili ukiipa 99.75, senti 75 zinatupwa. C ya zamani, kabla ya kanuni za mwaka 1989, ilikuwa na hatari kubwa zaidi: fankshoni nyingi zilitangazwa bila aina za parameta, kwa hiyo kompaila haikuwa na cha kulinganisha nacho. Ukiipa nambari kamili fankshoni iliyosubiri desimali, ilisoma biti zilezile kwa macho mengine na kupata takataka. Parameta zilipoanza kutangazwa pamoja na aina zake, kubadilisha kukawezekana kufanywa sawasawa. Hilo lilikuwa hatua kubwa mbele, hata kama leo tunalalamika kwamba lilifungua mlango mpana mno.

Sheria ya Java inaonekana safi, na kwa muda tulidhani tumemaliza. Kisha tukakuta ufa. Java huruhusu nambari kamili ya biti 32 kuingia kwenye desimali ya biti 32, ikiiita kupanua. Lakini desimali hiyo ina biti 24 tu za kushikilia tarakimu. Ukiipa 16,777,217 unapata 16,777,216. Shilingi moja imetoweka katika kitu kinachoitwa kupanua. Kwa hiyo ukichagua njia hii, usipime kwa ukubwa wa chombo. Uliza swali moja: kila thamani ikienda na kurudi, inarudi ilivyokuwa? Kama hata moja tu hairudi sawa, huko si kupanua.

Ufa wa pili unatokea pale jina moja la fankshoni linapokuwa na sura kadhaa. Java ilipoongeza mwaka 2004 uwezo wa lugha kufunga nambari ndani ya kitu (object) yenyewe, bila mwandishi kuagiza, fankshoni mbili za orodha zinazoitwa `remove` zikaanza kuchanganywa kwenye orodha ya nambari: moja inaondoa kilicho kwenye nafasi fulani, nyingine inaondoa thamani fulani. Una orodha ya risiti, unataka kufuta risiti namba 3, unaandika `risiti.remove(3)`. Lugha hutafuta kwanza sura isiyohitaji kufunga nambari, inaipata, na kuondoa kilicho kwenye nafasi ya 3. Nafasi zinahesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo umefuta risiti ya nne kwenye orodha. Kubadilisha kimya pamoja na majina yenye sura nyingi ni mchanganyiko ninaoogopa kuliko vyote, na ndiyo maana katika lugha yetu jina moja lina sura moja tu.

Kukataa yote

Go, iliyotangazwa mwaka 2009, haibadilishi nambari kwa niaba yako kabisa. Kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kikiwa cha biti 32 hakiingii mahali pa biti 64 mpaka uandike. Rust iko hivyo pia, na Kotlin. Mwanzoni inachosha. Wenzangu wanaoandika programu za simu kwa Kotlin wameshazoea kubandika `.toLong()`, agizo la kugeuza nambari iwe ya biti 64, kila kona, na humo ndimo ninapoona udhaifu wa njia hii: kitu kikirudiwa mara nyingi, mkono hukifanya bila akili, kama karani anayegonga mhuri barua asizozisoma.

Na mhuri huo una hatari yake. Katika Rust ukiandika `as` kugeuza kigeu chenye 300 kwenda biti 8 zisizo na alama ya hasi, ambazo mwisho wake ni 255, unapata 44, kwa sababu biti za juu zimekatwa. Umeandika wazi, lugha imetii, thamani imeharibika. Mfano mkubwa ninaoujua ni wa roketi ya Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996, ilipoondoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu ya mfumo wa kuongoza ilikuwa imeandikwa kwa Ada, lugha kali kuliko nyingi, na sehemu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4. Desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa nambari kamili ya biti 16. Kwenye roketi ya zamani ilitosha, kwenye hii mpya mwendo wa mlalo ulikuwa mkubwa zaidi, na nambari haikuingia. Vigeu saba vilikuwa na hatari hiyo. Vinne vilikuwa vimekingwa, vitatu vikaachwa. Sekunde zipatazo 37 baada ya injini kuu kuwashwa, kompyuta za kuongoza zilizima, na roketi ikapotea.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na ninachokiona si kwamba ukali wa aina haufai. Kugeuza kulikuwa kumeandikwa wazi, mtu yeyote angeweza kukuona kwenye msimbo. Kilichokosekana ni jibu la swali "isipoingia je?" Kulazimisha watu waandike badiliko ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni badiliko lenyewe kuwa na njia ya kusema limeshindwa, na anayeliita kulazimika kushughulikia kushindwa huko. Rust ina njia hiyo pia, `try_from`, ambayo hurudisha ama thamani ama kosa. Laiti ingekuwa ndiyo fupi kuandika, na `as` ikawa ndefu.

Go ina ujanja mmoja unaopunguza uchovu sana: nambari iliyoandikwa papo hapo, kama 7, bado haijapewa aina mpaka ifike inapotumika. Ikifika kwenye desimali, ni desimali. Ikifika kwenye nambari kamili, ni nambari kamili. Ukali unaanza pale thamani inaposhikwa na kigeu chenye aina. Kwa makarani wanaoandika "toa asilimia 5" hilo ni jambo kubwa, kwani hawatawahi kujua kwamba swali lilikuwepo.

Nani aamue?

PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, ililijibu swali hili kwa namna yake: kila faili ichague. Ukiweka `declare(strict_types=1)` juu ya faili, miito yote inayotoka humo inapimwa kwa ukali. Faili isiyo nayo inaendelea na ulegevu. Anayeamua ni anayeita. Nilidhani ni vurugu mpaka nilipoona kwamba aliyeandika fankshoni yuko salama kwa vyovyote: akitangaza nambari kamili, atapata nambari kamili. Kwa mradi wa zamani wenye faili mamia, hii ndiyo njia ya kibinadamu ya kuhama, faili moja baada ya nyingine. Kwa lugha mpya isiyo na mtu bado, haina maana.

C++ inampa uamuzi aliyetengeneza aina. Ukiunda aina `Shilingi` inayojengwa kutokana na desimali moja, basi popote `Shilingi` inapotakiwa desimali tupu itapita, lugha ikiijengea `Shilingi` kimya. Kuzuia hilo lazima uongeze neno `explicit`. Wazo la kumpa uamuzi mwenye aina ni zuri. Mpangilio ndio uko kinyume, kwa sababu anayesahau anapata mlango wazi. Mlango ungekuwa umefungwa mpaka mwenyewe aufungue, ningeichukua njia hiyo bila mabadiliko.

Tulichochagua

Tumechukua ukali wa Go pamoja na ulegevu wake kwa nambari zilizoandikwa papo hapo. Nambari kamili inaingia kwenye desimali bila kuandika, kwa kuwa desimali zetu zinahesabiwa kwa makumi na hazipotezi hata shilingi. Hilo ndilo badiliko pekee la kimya tuliloliruhusu. Maandishi hayawi nambari kwenye parameta kamwe. Yanageuzwa mara moja, data inapoingia, kwa fankshoni yenye jina lake, na kisanduku kitupu kinarudi kama "hakuna", si sifuri. Kutoka Ada tumechukua jambo ambalo lugha hiyo imekuwa nalo tangu miaka ya 1980: aina mpya inayofanana kwa ndani na nyingine bado ni aina tofauti. Kilo ni desimali, Shilingi ni desimali, na hazibadilishani. Ukiita

`lipa(kilo_za_leo, bei)`

mahali ambapo fankshoni ilitaka shilingi kwanza, unapata ujumbe huu: "Nafasi ya kwanza ya lipa inataka Shilingi. Umeipa Kilo. Je, ulitaka kuzidisha kwa bei?" Ujumbe huo umetuchukua muda mwingi kuliko kanuni yenyewe. Lugha inayokataa ina deni la kueleza, la sivyo karani atatafuta tu njia ya kuipita.

Kama unachagua lugha badala ya kubuni, ningekushauri hivi. Una mfumo wa PHP unaoendesha malipo tayari? Usiutupe, washa hali kali kwenye faili zinazogusa pesa, anza wiki hii. Unaanza upya na kundi lenu ni la watu wanaokuja na kuondoka? Chukua Go au Kotlin, uchovu wa kuandika mabadiliko ni nafuu kuliko kufuatilia 48,600 iliyotoka wapi. Unaandika ukurasa mdogo kwa JavaScript? Ugeuze kila kisanduku cha fomu mwenyewe, mlangoni, na ukague kitupu kabla ya kugeuza.

Kuna kitu kimoja ambacho mama karani alituuliza na kikatupeleka mbali. Omena katika soko la Kibuye inauzwa kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia. Alitaka kuandika gorogoro 10 mahali ambapo kanuni inataka kilo, na lugha igeuze. Gorogoro la mahindi ni kama kilo mbili, hilo kila mtu hapa analijua. Lakini gorogoro la omena mkavu ni jepesi kuliko hapo sana. Gorogoro ni kipimo cha ujazo, na kilo ni uzito. Hakuna nambari moja ya kuzidishia. Tukamwonyesha hivyo, akatafakari kidogo, akasema, "Basi iniulize ni gorogoro la nini." Kwa hiyo Gorogoro imekuwa aina ya peke yake, haiwi kilo yenyewe, na fankshoni ya kuigeuza ina parameta mbili: kiasi, na bidhaa. Ukiacha ya pili, inauliza.